Edouard, Lamuka

Siku tuliyomzika mume wangu, kwaya ya parokia niliipa alama nane kwa ishirini. Niliiandika alama hiyo ndani ya daftari langu pale pale makaburini, na watu walioniona wakadhani naandika majina ya waliokuja. Wanawake wa sauti ya kwanza walikuwa wanavuta mwisho wa kila mstari kama wanasukuma mkokoteni kilimani. Mpiga ngoma alikuwa anangoja shemeji zangu wamalize kulia ndipo apige. Na wimbo wenyewe walikuwa wameuanza juu mno, kwa hiyo walipofika kwenye kiitikio hawakuwa na pa kupandia. Nane ni nyingi. Mbili kati ya hizo niliwapa kwa sababu jua lilikuwa kali.

Naitwa Marie-Thérèse. Nilifundisha darasa la tano kwa miaka thelathini na mmoja, na mwalimu akistaafu vidole vyake hubaki vinatafuta kalamu nyekundu. Wenzangu hufuga kuku. Mimi natia alama nyimbo. Kila orkestra ninayoisikia, kila mchekeshaji anayepanda jukwaani hapa Lubumbashi, naandika tarehe, mahali, alama, na maneno mawili matatu. "Gitaa nzuri, maneno matupu." "Anapiga kelele mahali pa kuimba." "Anachekesha, lakini anawacheka wanawake tu: saba." Mwimbaji anayetaja majina ya wakubwa kumi na wanane kabla hajaanza kuimba, namkata alama moja kwa kila jina. Wamenunua nini hao wakubwa, wimbo au tangazo? Sina haya kusema hivyo, na nimewahi kumwambia mwimbaji mmoja usoni, akanijibu kwamba mimi ni mzee. Nikamkata nyingine.

Mume wangu Edouard alikuwa hana sikio la muziki kabisa. Alikuwa seremala, na baada ya miaka mingi ya msumeno na nyundo, nadhani nyimbo zote kwake zilikuwa wimbo mmoja mrefu. Lakini mgongo wangu hauvumilii viti vya plastiki. Kwa hiyo miaka ishirini na miwili iliyopita alinitengenezea kiti cha mbao ya mulombwa, chenye egemeo na mikono, kizito, na kila Jumapili alasiri alikibeba kichwani kutoka nyumbani kwetu hapa Hewa Bora mpaka kwenye nganda, baa ya wazi, ambako Amadi na orkestra yake hupiga. Robo saa kwa miguu. Akifika, anakiweka mbele, mita tatu kutoka kwenye gitaa, anakipangusa kwa leso, ananiambia, "Ikala, mwalimu." Kisha yeye anavuta kiti cha plastiki, anaweka kichwa juu ya meza, na penseli yake ya useremala bado nyuma ya sikio, anasinzia. Gitaa likilia, yeye anakoroma.

Amadi aliona jambo hilo mara moja. Amadi ni fundi cherehani siku sita za juma, mtu wa familia ya Maniema, kofia yake haitoki kichwani hata akitoka jasho, na Jumapili ni mpiga gitaa mkuu. Wana wimbo mmoja wa kuchezea, mrefu, na katikati yake gitaa hunyamaza kidogo kabla ya kuanza kukimbia. Siku moja Amadi akauingiza mdomo wake kwenye kile kimya akamwita aamke, "Edouard, lamuka!" Mume wangu, bila kuinua kichwa mezani, akainua mkono mmoja juu kabisa. Nganda nzima ikacheka. Gitaa likaanza kukimbia. Edouard akaendelea kulala.

Tangu siku ile ikawa hivyo kila Jumapili. Watu waliokuwa wanakuja kwa mara ya kwanza waliambiwa na jirani zao wangoje, waone. Mpiga ngoma alijifunza kuanza pale mkono unapofika juu. Wakubwa wanatoa bahasha ili majina yao yaingie ndani ya nyimbo. Mume wangu aliingia kwa kulala. Wimbo huo nimeupa kumi na tisa. Alama ya ishirini simpi mtu, niliwaambia hata wanafunzi wangu.

Wiki mbili baada ya maziko, Adalbert aliitisha kikao sebuleni kwangu. Adalbert ni kaka mkubwa wa Edouard, anakaa mtaa wa Golf, ndani ya nyumba yenye geti linalofunguka lenyewe, na ndiye msemaji wa ukoo wao. Alikaa bila kuegemea.

"Mwaka moja," akasema. "Hakuna radio, hakuna kutoka, hakuna kwenda fasi ya muziki, hakuna kucheka-cheka na bantu. Kisha mwaka tutakutosha kilio, utabakia huru. Njo coutume. Ukivunja, siye ba famille hatutakuya kukutosha kilio. Utabakia na kifo yako."

Coutume ni mila, na maneno hayo ya mwisho ni mazito, nisiyachezee. Mjane ambaye ukoo wa mume umekataa kumwondoa msiba hubaki nao mabegani. Hata jirani akipoteza mtoto, macho yatamgeukia. Mimi nina miaka sitini na mitatu, nimesoma, na bado niliyaogopa. Adalbert akachukua redio yangu, akaiweka nyuma ya gari lake, akaondoka nayo Golf.

Akaniachia mlinzi. Ni dada yao mdogo, Brigitte, aliyekuja kutoka Kasenga na gunia la samaki wakavu, mwanamke mpole mwenye mikono ya kazi. Nyumba yangu ilinuka mto Luapula. Sikumchukia. Alipika bukari nzuri, ugali wa kwetu, alilia peke yake akidhani sisikii, na alikuwa na siri moja: kila baada ya chakula aliingia chumbani na simu yake, akaweka vitu vyake vya masikio, na kupitia pazia nilikuwa naona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anaangalia wachekeshaji. Mimi nikakaa upande wa pili wa pazia nikawatia alama kwa mabega ya Brigitte. Kumi na mbili. Tisa. Halafu siku moja mabega yalitikisika mpaka kitanda kikagonga ukuta, na nikajua bila kuuliza kwamba huyo ni Nono, mchekeshaji mkubwa wa mji huu.

Katika wiki zile niligundua jambo linalonikasirisha mpaka leo. Nyuma ya ukuta wetu kuna kanisa la maombi lenye spika mbili ukubwa wa makabati. Wanaimba kuanzia asubuhi, siku nne kwa wiki, na kinanda chao kimekosewa sauti. Hakuna aliyesema kuwa ule ni muziki. Adalbert alipokuja kuona kama natii, alitikisa kichwa kwa mapigo yao bila kujijua. Kwa hiyo masikio ya mjane hayakatazwi muziki, yanakatazwa muziki anaoupenda. Niliandika hivyo kwenye daftari, nikapigia mstari.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kingine. Ndani ya nyumba ile hakuna aliyemtaja Edouard kwa jina. Alikuwa "marehemu". "Viatu ya marehemu." "Kitanda ya marehemu." Waliokuja kutoa pole walishusha sauti na macho. Jina la mtu aliyekuwa anachekesha nganda nzima kwa kuinua mkono lilikuwa limegeuka kitu cha kufunikwa na shuka. Nilikuwa nalisema peke yangu nikiosha vyombo, nione kama bado linasemeka.

Ijumaa ya wiki ya sita, Amadi alikuja. Alivua viatu mlangoni, akakaa pembeni ya kiti, kofia, ile isiyotoka kichwani, juu ya goti.

"Mama Marie-Thérèse, sikukuya kukusumbua."

"Sema, Amadi."

"Kuko shimo mu wimbo," akasema. "Dimanche tano sasa. Tunafika pale pa kuita, gitare inanyamaza, bote bananiangalia. Nikiita, nani atainua mukono? Nisipoita, wa ngoma anapotea, hajue fasi ya kuanzia. Dimanche ilipita tulisimama katikati, bantu bakafikiri courant ya umeme imekatika."

"Ukaamua nini?"

"Mi siwezi kuamua, haiko jina yangu. Lakini dimanche hii bantu ba radio banakuya kutwaa ile wimbo mu machine yabo. Vile itaingia, njo vile itabakia." Aliikunja kofia yake, akaikunjua. "Ukikuya, ukikala mu kiti yako, nitaita jina. Usipokuya, sitakuwa na nguvu ya kuita. Nitaitosha tu mu wimbo, tujaze shimo na gitare."

Nilimshukuru. Alikunywa chai, akaenda. Jumapili ilikuwa keshokutwa. Pazia la chumbani lilitikisika, nikajua Brigitte amesikia yote.

Nilichukua simu, nikampigia Adalbert. Kuna watu hupanga maneno kabla ya kupiga. Mimi nikiwa na hasira maneno huja yamepangwa.

"Adalbert, dimanche natoka. Naenda kusikia Amadi."

"Mama Marie-Thérèse," akasema polepole, sauti ya ofisini, "we uko mwalimu. Unajua kama coutume ni coutume. Hauwezi kuchagula ile unapenda na kuacha ingine."

"Njo vile. Hatuchagule. Sasa unijibu: siku ya kuzika Edouard, banungwe balikuwa wapi?"

Nikasikia anafunga mlango upande wake.

Niwaeleze wasiotujua. Kwa watu wa upande wetu, kila ukoo una watani wake, nao tunawaita banungwe. Edouard, Adalbert na Brigitte, kwa mama yao, ni ukoo wa Mbuzi, bena Mbushi. Watani wao ni ukoo wa Chui, bena Ngo, na kila mtu anaelewa kwa nini. Mbuzi akifa, Chui ndiye anayechimba kaburi, na pale msibani ana ruhusa ya kila kitu. Anaingia kaburini anajilaza, analalamika kwamba ni finyu. Anawanyang'anya wafiwa viatu. Anavaa nguo za marehemu, anatembea mwendo wake, anasema kwa sauti yake, anafanya mbele ya watu yale aliyokuwa akifanya. Na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia wala kumzuia. Anayemkasirikia munungwe amemwaibisha maiti wake mwenyewe. Mimi nimeona wachekeshaji wengi, na naamini ucheshi wote wa mji huu ulizaliwa msibani, kwa watu wa namna hiyo. Lakini kwenye maziko ya Edouard hawakuwepo. Adalbert aliwakataza, kwa sababu wakubwa wa ofisini kwake walikuwa wanakuja, na hakutaka waone mtu anagaagaa kwenye udongo akiiga mkoromo wa mdogo wake.

"Ile ni bintu ya kijiji," akasema Adalbert.

"Ile bintu ya kijiji njo unanifungia nayo mu nyumba."

Hapo Brigitte alitoka nyuma ya pazia, akanyoosha mkono. Nikampa simu. Sikumwomba.

"Yaya," akamwambia kaka yake, "Mama eko na haki. Ku Kasenga, mbele nikuye huku, balinicheka. Balisema tulimuzika Edouard kwa kuficha, sawa kintu ya kuiba. Kila siku mu soko baliuliza: ninyi bena Mbushi, Chui yenu iko wapi? Niliuzisha samaki na kichwa chini. Kilio haikuisha, yaya. Haikuanza hata."

Adalbert alivuta pumzi. Nilimsikia mpaka nilipokaa.

"Bon," akasema. "Dimanche, kisha misa. Munungwe moja. Dix minutes. Na porte ifungwe, sipendi bantu ba mu avenue baangalie. Kisha pale, coutume itakuwa imetimia na hatutasikia tena maneno ya Mama Marie-Thérèse."

Akakata. Dakika kumi alizihesabu, lakini hakuuliza ni munungwe gani. Mtu aliyekulia Kasenga anapaswa kujua kwamba Chui haagizwi bila kutajwa jina, lakini Adalbert ameishi Golf siku nyingi.

"Tutapata wapi mwena Ngo mu Lubumbashi?" Brigitte akauliza.

"Mi najua moja. Nono."

Brigitte aliweka mkono mdomoni. "Nono? Ule wa mu telefone?"

Huyo huyo. Nono ni mnene, ana miaka arobaini na kitu, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuita mtumbwi kutoka ng'ambo ya mto, maana naye ni wa Kasenga. Hachekeshi kwa kuvaa makalio ya bandia. Anasimama tu, anamtazama mtu mmoja kwa muda, halafu anakuwa yule mtu. Mara ya kwanza nilimpa kumi na saba. Alisikia habari hizo, akaja mpaka nyumbani kuuliza kwa nini si kumi na nane. Nikamwambia: unacheka kabla ya watu. Hajacheka tena jukwaani tangu siku hiyo.

Nilimwambia kwenye simu mambo mawili tu: kwamba Edouard alikuwa mwena Mbushi aliyezikwa bila Chui, na kwamba kiti changu kiko nyuma ya mlango wa mbele. Yeye akaniuliza moja.

"Alikuwa anakoroma namna gani?"

Nikamwonyesha. Mimi mjane wa wiki sita, nimesimama katikati ya sebule, nikakoroma ndani ya simu, mara ya kwanza vibaya, mara ya pili sawasawa, na ule mfyonzo mdogo wa mwisho aliokuwa nao. Brigitte alianza kucheka. Kisha mimi nikalia, na sikuficha, nikakata simu nikiwa nalia.

Jumapili baada ya misa Adalbert alifika na shati jeupe. Walikuja wazee wengine watatu wa ukoo, wakakaa uani, geti likafungwa. Kiti changu kilikuwa nyuma ya mlango wa nyumba, mahali ambapo kimekaa miaka ishirini na miwili. Sikukisogeza hata kidole kimoja. Nilijitanda kitambaa changu cheusi, na ndani ya kitambaa niliweka daftari.

Nono aliingia bila kubisha.

"Mbuzi gani ilikufa hapa?" akauliza. Akawapita wazee, akasimama mbele ya Adalbert, akamtazama kwa muda. "Na hii ingine, ya shati nyeupe, inangojea nini? Ndoa? Mulituficha nyama yetu, ninyi. Mulimuzika mwenzetu mbio-mbio sawa bantu banaogopa police. Leta kiatu."

Adalbert hakusogea. Mzee mmoja akamgusa goti, na polepole, mbele ya watu wote, mtu wa Golf akavua kiatu kimoja cheusi kinachong'aa. Nono akakivaa. Kilimbana, akaanza kuchechemea uani, akilaani miguu ya bena Mbushi, kwamba ni kwato tu zilizotiwa soksi. Wazee walikuwa wameinama. Mabega yao yalitikisika, na mimi mabega najua kuyasoma.

Brigitte alileta koti la Edouard, lile la kahawia la Jumapili. Alilileta kwa mikono miwili. Nono akalivaa, akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha penseli, akakitazama, akakiweka nyuma ya sikio. Na pale akaacha kuwa Nono. Bega la kushoto lilishuka kidogo. Alitembea mpaka ukutani akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, kama Edouard alivyokuwa akigonga kila ubao aliokutana nao duniani. Hakuna aliyecheka. Brigitte alisema, "Yaya Edouard," chini sana, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza jina lake kusemwa katika ua ule tangu afe.

Kisha Nono akaingia ndani, akatoka na kiti changu kichwani.

Adalbert alisimama, mguu mmoja na kiatu, mwingine na soksi. "Dix minutes imeisha. Weka kiti chini."

Nono akageuka polepole, kwa sababu kiti kile ni kizito, na kwa sauti ya mume wangu, ile sauti iliyokuwa inatoka puani kwa ajili ya vumbi la mbao, akamwambia, "Yaya, unisamehe. Ni dimanche. Mwalimu anachelewa."

Uso wa Adalbert ulifanya kitu ambacho sikutegemea. Midomo yake ilicheza kama ya mtu anayetaka kujibu mdogo wake. Lakini akajikaza, akanigeukia mimi. Kumgusa munungwe hakuweza, basi akatafuta wa kumgusa.

"Mama Marie-Thérèse, we hautoke hapa."

Nilikuwa nimeshavaa viatu.

"Adalbert," nikasema, "ulisema coutume haichagulake. Ule pale ni bwana yangu. Ni weye ulimwita, ni weye ulimupa kiatu. Sasa bwana yangu anaenda fasi anaendaka kila dimanche. Nani hapa atakataza bibi kufuata bwana yake? Simama, useme mbele ya bazee."

Wazee walitazama chini. Yule aliyemgusa goti alikohoa, akasema, "Kweli, mutoto. Chui hashikiwe." Adalbert alibaki amesimama katikati ya ua. Ni Brigitte aliyekwenda kufungua geti, na akalifungua lote, mbao zote mbili, kama watu wanavyofungua kupitisha jeneza.

Tukatoka. Mbele Nono, kiti kichwani, koti la Edouard, kiatu kimoja cha Adalbert. Nyuma mimi na kitambaa cheusi. Nyuma yangu Brigitte, aliyesema anakuja kulinda koti lisipotee. Wanawake waliokuwa wanauza unga kando ya njia walisimama. Wengine walishangaa mjane anakwenda wapi. Wengine walimtambua Nono, wakapiga makofi. Mama mmoja mzee, ambaye lazima alikuwa wa kwetu, aliona koti, aliona penseli, akaelewa, akaweka mikono kichwani akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Nilipita katikati yao na kichwa changu juu. Kama kuna aliyetaka kusema kitu, asingekosa pa kunipata, nilikuwa katikati ya barabara.

Nganda ilikuwa imejaa. Watu wa redio walikuwa wamesimamisha vinasa sauti vyao mbele. Mahali pangu, mita tatu kutoka kwenye gitaa, palikuwa wazi. Hakuna aliyekuwa amepachukua kwa wiki sita zote. Nono aliweka kiti chini, akakipangusa kwa leso, akasema, "Ikala, mwalimu." Nikakaa. Mgongo wangu ulikijua kile kiti mara moja. Yeye akavuta kiti cha plastiki, akaweka kichwa juu ya meza. Na alikoroma vizuri, hata ule mfyonzo wa mwisho aliuweka.

Watu wakacheka kicheko ambacho nilikuwa nimekikosa. Amadi alitutazama, akavuta kofia yake mbele kidogo, akaanza wimbo.

Nitasema ukweli wangu wa mwalimu: mwanzo walicheza kwa woga, kumi na nne. Ubeti wa pili ukakaa vizuri. Halafu ukaja wimbo wenyewe, ule ninaoujua, gitaa likipanda ngazi zake, na nikashika mikono ya kiti kwa sababu shimo lilikuwa linakaribia. Gitaa likanyamaza. Amadi akaweka mdomo karibu na kinasa sauti.

"Edouard, lamuka."

Nganda nzima ikamgeukia Nono. Mchekeshaji anangoja maisha yake yote kupata dakika kama ile: watu mia mbili wameshika pumzi, na kicheko kikubwa kuliko vyote kiko kwenye mkono mmoja tu. Alikuwa na haki ya kuuinua. Alikuwa na koti, alikuwa na penseli.

Hakuuinua. Alinyamazisha hata mkoromo. Kichwa kilibaki juu ya meza, mikono imelala, na hakuna kilichosogea.

Amadi alipiga nyuzi mbili, akangoja. "Edouard," akaita tena, "lamuka." Hakuna. Mpiga ngoma alikuwa ameinua vijiti vyake hewani hana pa kuvishushia. Brigitte alinishika bega. Na pale, mbele ya watu wote, kwa mara ya kwanza tangu makaburini, nikaelewa kwamba mume wangu hataamka. Kwaya ya nane kwa ishirini haikuweza kuniambia. Mwaka wa Adalbert usingeniambia. Nililia kwenye kiti changu kwa sauti, na sikujali kinasa kinachukua.

Kisha nikakumbuka kwamba Amadi bado anangoja.

Nikainua mkono. Nikauinua juu kabisa, kama yeye, na kitambaa cheusi kikateleza mpaka begani. Vijiti vikashuka, gitaa likaanza kukimbia, watu wakasimama, na mimi sikuushusha mkono ule mpaka wimbo ulipokwisha.